Eksi ya Kaskazini

Watu waliomjua Maundu walisema ana ugonjwa mmoja tu: akiulizwa kitu, hawezi kusema hajui. Ungemuuliza njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kufika, angekuonyesha kwa mkono wote, nawe ungepotea ukiwa na imani. Mwenyewe alikuja kukubali kwamba anao ugonjwa huo, lakini alikubali akiwa amechelewa, mwaka wa elfu mbili na moja, akiwa na miaka hamsini na saba na meno yasiyotosha mahindi ya kuchoma. Kilichomkubalisha ni grafu.

Shule aliisoma kama mtu anayekula njiani. Darasa la kwanza hadi la tatu alisoma kwao Kangundo. La nne hakuliona. La tano alilipata Magadi, jioni, katika ngumbaru ya wafanyakazi, mahali penye joto ambapo hata chaki ilitoka jasho. La sita alilianzia Oltepesi, alikoteremka kwa sababu lori liliharibika, akakaa miaka miwili. Baada ya hapo alijiongezea mwenyewe, kwa kusoma magazeti yaliyofungia nyama.

Kazi iliyomshika muda mrefu kuliko zote ni ya kushika mnyororo wa kupimia ardhi. Wakati ranchi za pamoja zilipokuwa zikigawanywa, saveya mmoja wa Kajiado aitwaye Ochola alimchukua abebe fito na mawe ya bikoni, yale ya mipaka. Miaka tisa Maundu alitembea nyuma ya Ochola akivuta mnyororo kwenye miiba, na jioni alikaa kando yake akimtazama akichora. Mtu akitazama kitu miaka tisa huamini anakijua. Ndiyo maana kuna wanaume wanaoamini wanawajua wake zao.

Mwaka huo alikuwa amepanga chumba Kitengela, kwa Florence, mjane wa Kimaasai aliyeuza mandazi mbele ya ploti yake. Florence alikuwa na binti mmoja, Caroline, aliyekuwa Form Four katika sekondari ya kutwa iliyo karibu. Caroline alitaka kuwa nesi. Barua kutoka chuo cha wauguzi ilikuwa imewekwa ndani ya Biblia ya mama yake, na ilisema wazi kwamba hesabu isiwe chini ya C. Sasa ilikuwa Februari, mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na mwalimu wa hesabu hakuwapo.

"Ni hesabu gani imewashinda?" Maundu aliuliza jioni moja, akiwa na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyemkaribisha.

"Grafu," Caroline alisema. "Kuhamisha grafu. Mwalimu alianza Jumatatu, Jumatano akapewa transfa."

"Kwa hivyo alionyesha mfano."

Florence alicheka. Caroline hakucheka.

"Grafu hiyo ndiyo kazi yangu," Maundu aliendelea. "Mimi nimechora Kajiado yote."

"Ulichora ama ulishika mnyororo?" Florence akauliza.

"Mama Caroline, mnyororo ndio huchora. Kalamu ni ya kuandika tu."

Hapo angenyamaza, angemaliza chai yake akaenda kulala, na dunia ingeendelea. Badala yake aliomba daftari na rula.

"Kwanza laini mbili," alisema. "Eksi inaenda juu, kwa sababu eksi ni kaskazini. Wai inaenda mkono wa kulia, kwa sababu wai ni mashariki."

Hivyo ndivyo Ochola alivyokuwa akifanya, kwa sababu hivyo ndivyo masaveya wanavyofanya. Caroline aliitazama ile karatasi, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Lakini Mzee, tangu Form Two eksi inalala. Wai ndiyo inasimama."

Maundu hakujua kwamba shuleni eksi hulala. Kama angekuwa mtu mzima kichwani, angesema hivyo. Lakini msichana alikuwa anamtazama, mama yake alikuwa anamtazama, na ugonjwa ukapanda.

"Form Two mlikuwa watoto," alisema. "Watoto hulazwa. Form Four eksi inasimama."

Caroline alifikiri kidogo. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi saba, zamu yake ilikuwa Alhamisi, na ukurasa wa grafu ulikuwa umechanwa na mtu ambaye pengine aliuhitaji zaidi. Akafungua daftari, akasimamisha eksi.

Wakaanza. Wai sawa na eksi mara eksi, ambayo vitabuni ni kikombe kilichokaa wima, kwa Maundu ilikuwa kikombe kilicholala ubavu, mdomo ukitazama mashariki, Machakos. Ukitoa tatu kwenye mabano, kabla ya kuzidisha, kikombe kilipanda hatua tatu kaskazini. Ukiongeza tatu nje ya mabano, kikombe kilisogea hatua tatu mashariki. Maundu hakubahatisha. Alipanga meza ya namba, akahesabu kwa vidole, akaweka nukta moja moja kama anayepanda maharagwe. Kila alichofanya kilikuwa sahihi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu kosa linalokubaliana na nafsi yake halina mahali pa kulishikia.

Caroline alikuwa na kichwa kizuri. Kufikia Aprili alikuwa hapangi meza tena. Alitazama fomula mara moja, akasema, "Inapanda mbili, halafu kulia nne," na mkono ukachora. Na kila grafu, kwa maagizo ya mwalimu wake, ilikuwa na mshale mdogo pembeni wenye herufi N, na chini yake kipimo: sentimita moja kwa mita kumi.

"Mita za nini?" aliuliza siku moja.

"Ukiulizwa, utakuwa nazo."

Wapangaji wakaanza kumwita Mwalimu. Makokha, aliyepanga chumba cha mwisho na kufanya kazi kiwanda cha simiti, alimwita hivyo kwa kejeli, lakini Maundu aliitikia hivyo hivyo. Jina ni kama koti la mtumba, halikuulizi lilitoka kwa nani.

Muhula wa pili, mwezi wa tano, alikuja mwalimu mwenye cheti, Madam Nalianya, mwanamke wa Bungoma aliyetembea haraka na kuzungumza polepole. Wiki ya tatu akatoa jaribio. Alichora grafu mbili mbili, ya kwanza na iliyobadilishwa, akauliza: hii imefanywa nini hadi ikawa ile? Na nyingine wachore wenyewe.

Caroline alipata tatu kwa thelathini. Pembeni mwa karatasi palikuwa na maandishi mekundu: *Mshale huu ni wa nini?* Na chini kidogo, penye kikombe kilicholala: *Chai yote imemwagika.* Na mwisho kabisa: *Aliyekufundisha aje anione.*

Maundu alivaa koti. Alifika shuleni saa ya chai, akakuta Madam Nalianya darasani akifuta ubao, na Caroline amekaa dawati la mbele macho chini. Wengine walikuwa nje, lakini madirishani palikuwa na vichwa vya kutosha.

"Wewe ndio Mwalimu Maundu."

"Ndio, Madam."

"Ulisomea wapi?"

Ulimi ulitaka kusema Kajiado. "Nilisoma kidogo kidogo, Madam."

"Kidogo ya wapi na kidogo ya wapi?"

"Kangundo. Magadi. Oltepesi."

"Hiyo ni shule ama ni safari?" Madam Nalianya akampa chaki. "Nichoree laini mbili."

Maundu alichora. Vichwa vya dirishani vilikuwa vinamtazama, na mkono unaotazamwa hufanya ulichozoea. Alipomaliza eksi na wai, akaweka mshale na herufi N juu yake. Dirishani mtu alisema, "Mzee ametuletea ramani," na vichwa vyote vikaanguka chini kwa kicheko.

Madam Nalianya hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Eksi inalala, Mzee. Wai inasimama. Form One, Form Four, mpaka chuo kikuu."

"Masaveya wanaisimamisha."

"Hapa kuna saveya?"

"Hapana."

"Basi." Alichukua karatasi ya Caroline akaitazama tena. "Unajua kitu kinanikasirisha? Mtoto asiyejua hukosea ovyo. Huyu anakosea kwa adabu. Makosa yake yote yanatembea kwa mstari. Hiyo ni kichwa nzuri imelazwa upande. Na mimi hiyo mada nishamaliza, niko na watoto arobaini na sita, mock ni wiki sita. Sirudi nyuma. Wewe uliyempeleka huko, mrudishe."

"Nitamrudisha, Madam."

"Unajua njia?"

"Najua," alisema Maundu, ambaye hakujua.

Siku iliyofuata alienda Kajiado. Alijiambia anaenda kutafuta ushauri, lakini moyoni alikuwa anaenda kutafuta shahidi. Alitaka mtu mmoja tu, mwenye mashine na cheti, aseme kwamba eksi ni kaskazini, ili ajue hajawa mwendawazimu.

Ochola alikuwa amestaafu, lakini bado alikuwa na ofisi ndogo nyuma ya duka la dawa za mifugo, ukutani ramani za mashamba. Alisikiliza hadithi yote bila kukatiza. Halafu akavua miwani, akaweka kichwa mezani, mabega yakatikisika.

"Ati sentimita moja kwa mita kumi," alisema alipopata pumzi. "Maundu, jakom, mwenyekiti wangu, ulimwekea mtoto mshale wa kaskazini kwa grafu ya shule?"

"Si wewe ulinifundisha?"

"Mimi nilikufundisha kushika mnyororo ukaze." Akajipangusa macho. "Sikiza. Sisi hatujakosea, na wao hawajakosea. Ni nchi mbili. Kwetu eksi iko juu, kwao iko chini. Hizo grafu zote za huyo msichana ni nzuri. Usimfundishe upya. Wewe geuza tu karatasi, kila kitu kitakuwa mahali pake."

"Nigeuze karatasi."

"Ndio, igeuze. Kazi ya dakika moja." Akafanya kitu kwa kiganja akiwa anasema hayo, lakini wakati huo mtu alikuwa analeta chai, na Maundu alikuwa anatazama kama imewekwa maziwa.

Alirudi Kitengela na kifua mbele. Kabla ya kuvua kofia alimwita Caroline, akafungua daftari lake la pili mezani, la kwanza lilikuwa limejaa.

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Tazama."

Akalizungusha daftari kama usukani, robo ya mzunguko, kuelekea kushoto. Kile kikombe kilicholala tangu Februari kikainuka, kikakaa wima, mdomo juu, mzuri kama kilichotoka dukani. Eksi ikalala. Wai ikasimama. Florence mwenyewe aliacha unga akaja kuangalia.

"Si kimesimama?" Maundu alisema.

"Kimesimama," Caroline alikubali, na kwa mara ya kwanza tangu lile jaribio akatabasamu.

Namba zilikuwa zimelala ubavu, na herufi N ilikuwa inatazama kushoto kama mtu aliyekosewa. Maundu alichukua kifutio akazifuta zote, namba na mishale, ukurasa baada ya ukurasa. Mshale ndio uliomletea aibu, kwa hivyo aliufuta kwa furaha. Kwa mkono wake mwenyewe alifuta shahidi pekee ambaye angemwambia kwamba sasa eksi inahesabiwa kuelekea kushoto, na kwamba kila kitu kilichopaswa kwenda kulia kilikuwa kinakwenda kinyume.

Wiki mbili Caroline alisoma kwa daftari lililozungushwa. Akajifunza sheria mpya: ukitoa kwenye mabano, kikombe kinarudi kushoto. Sheria hiyo ilimwingia haraka kwa sababu inafanana na akili. Kutoa ni kurudi nyuma, kila mtu anajua hivyo, isipokuwa grafu.

Madam Nalianya akatoa jaribio la pili. Swali la kwanza lilikuwa kikombe kisichohamishwa. Caroline alilipata. Kikombe kilichopanda juu tu, alikipata pia. Baada ya hapo kila kilichopaswa kwenda kulia kilikwenda kushoto, na kilichopaswa kwenda kushoto kilikwenda kulia. Kumi kwa thelathini.

Aliirudisha ile karatasi nyumbani Ijumaa, akaiweka mezani mbele ya Maundu, hakukaa.

"Madam amesema nimehamia kosa lingine."

"Ngoja niangalie."

"Amesema afadhali lile la kwanza, lilikuwa moja. Sasa nikiona swali, naona majibu matatu. La Madam, la kwako la zamani, na la kwako la sasa. Mock ni mwezi ujao."

"Caroline, tukianza tena polepole..."

"Mzee," alisema. Hakusema Mwalimu. "Naomba unisaidie kitu kimoja. Usinisaidie tena."

Maneno hayo aliyasema kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri, ndiyo maana yaliingia hadi kwenye mfupa.

Sasa, Maundu alikuwa na dawa ya mambo kama hayo, na dawa yake ilikuwa ileile siku zote: kuhama. Magadi alihama baada ya kuharibu pampu aliyosema anaijua. Oltepesi alihama baada ya kumtibu mbuzi wa mtu. Alikuwa amesikia kwamba Embulbul kuna mzee anayeitwa Lesiamon anayetafuta mtu wa kujenga ua, na ua hauna eksi. Jumamosi asubuhi alikunja blanketi, akatia sufuria yake ndani ya gunia, akatoka.

Florence alikuwa kwenye karai, mafuta yanachemka.

"Sopa, Mzee," alimsalimu Kimaasai.

"Ipa."

"Na gunia?"

"Naenda Embulbul. Kuna mtu anataka ua."

"Na msichana?"

"Amesema nisimsaidie."

"Alisema usimsaidie. Hakusema uhame." Florence aligeuza andazi moja, halafu lingine. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaongea kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani akipita. "Lakini wewe ndio unajua miguu yako. Chukua mbili za njia."

Akachana ukurasa kutoka kwa daftari lililokuwa kando ya karai, akafunga mandazi mawili, akampa. Maundu aliona ni daftari gani. Lilikuwa lile la kwanza, la Februari, ambalo mishale ilikuwa bado ipo, na chini yake lile alilolifuta mishale. Msichana alikuwa ameyatoa yafungie mandazi. Hakuna mwalimu aliyewahi kupewa ripoti iliyo wazi kuliko hiyo.

Alienda akakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Gari halikuja. Akala andazi la kwanza, na alipokuwa akila la pili karatasi ilikuwa imeloa mafuta, imekuwa kama kioo cha choo, mwanga unapita. Aliinua apanguse mdomo, jua likawa nyuma yake, na akaona kikombe.

Ulikuwa ukurasa wa Februari. Lakini alikuwa ameushika kwa nyuma, upande usioandikwa, na ule mchoro ulionekana kupitia mafuta. Kikombe kilikuwa kimesimama. Hilo halikumshangaza, vikombe alikwisha kuvichoka. Kilichomshangaza ni namba. Zilikuwa zimeandikwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kinyozi, lakini zilipangwa sawa: eksi ilikuwa imelala ikihesabu kuelekea kulia, moja, mbili, tatu. Wai ilikuwa imesimama ikihesabu kwenda juu. Na kikombe cha eksi toa tatu kilikuwa pale Madam Nalianya alipokitaka, hatua tatu kulia.

Akaipindua ile karatasi upande ulioandikwa, akaizungusha kama usukani. Kikombe kikasimama, lakini hatua tatu kushoto. Akaipindua tena aitazame kwa nyuma. Kulia. Akapindua tena. Mama mmoja aliyekuwa akingoja gari alisogeza kikapu chake mbali na yeye.

Ndipo alipokumbuka kiganja cha Ochola. Ochola alipokuwa akisema igeuze, kiganja kilikuwa chini kikageuka kikawa juu, kama mtu anayegeuza chapati. Maundu alikuwa amegeuza kama mtu anayegeuza usukani. Chapati ukiigeuza, iliyokuwa chini inakuwa juu. Usukani ukiugeuza, haupinduki hata siku moja, unazunguka tu, na hata uuzungushe kutwa nzima hautaona nyuma yake. Neno ni moja, kazi ni mbili, na katikati ya hizo mbili palikuwa na msichana mmoja na barua ndani ya Biblia.

Gari la kwenda Ngong, linalopita Embulbul, lilikuja, likasimama, likamngoja kidogo, likaondoka.

Caroline alikuwa akifua sare nyuma ya ploti alipomwona akirudi na gunia begani na karatasi yenye mafuta mkononi.

"Umesahau nini, Mzee?"

"Sikusahau kitu. Nimekuja kukuambia sijui hesabu."

Mikono ya Caroline ikasimama ndani ya povu.

"Sikuwahi kujua," Maundu aliendelea, na alishangaa kwamba maneno hayo hayaumi kama alivyodhani, yanawasha tu. "Ile ya Form Two kulazwa, nilitunga pale pale. Ochola aliniambia njia ya kukurudisha, na hiyo pia nikaisikia vibaya. Lakini hii karatasi inajua. Sitaki kukusaidia. Nataka uitazame tu, halafu uniambie ni nini, kwa sababu mimi sina jina lake."

Caroline aliipangusa mikono kwenye kanga. Alitaka kukataa, ilionekana, lakini alikuwa amelelewa na Florence. Akaichukua, akaitazama kwa mbele. Akaipindua, akaielekeza kwenye jua. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka povu kwenye beseni likaanza kufa. Halafu akaichukua tena kwa mbele, akachora kwa ukucha mstari unaotoka pembe ya laini mbili, ukipita katikati kwa katikati, akaikunja karatasi juu ya mstari huo. Eksi ikalala juu ya wai.

"Si rotesheni," alisema, lakini hakuwa anamwambia yeye. "Tuliizungusha, hiyo ndiyo rotesheni. Ni rifleksheni. Kioo kiko hapa, kwa laini ya wai sawa na eksi."

"Hiyo ndiyo jina lake?"

"Madam alifundisha wiki jana. Sikuelewa. Nilidhani ni kitu ya mtihani tu, haiko mahali popote." Akaikunjua, akaikunja tena. "Kumbe nimekaa ndani yake tangu Februari."

"Kwa hivyo huna majibu matatu."

"Niko na moja na kioo chake. Hiyo ya kuzungusha natupa." Akamtazama sasa. "Mama amefungia watu mandazi na kurasa ngapi?"

Hakuna anayejua ni wateja wangapi wa Kitengela waliosimamishwa njiani asubuhi ile na msichana mwenye povu mikononi, akiomba karatasi zao. Alipata kumi na moja. Makokha alikataa kutoa ya kwake mpaka amalize andazi, na alipoitoa alisema yeye alidhani ni ramani ya ploti na alikuwa anatafuta choo.

Jumatatu Caroline alimpelekea Madam Nalianya zile karatasi, akamwonyesha kwenye dirisha la darasa. Madam Nalianya alitazama, akanusa vidole vyake, akasema, "Hii ni tracing paper ya wapi?" Halafu akawaita wanafunzi wote arobaini na sita wapite dirishani mmoja mmoja, akarudia ile mada aliyosema harudii.

Maundu hakuambiwa aje, na hakuenda. Alibaki Kitengela. Hakuamua kubaki, aliahirisha tu kuondoka kila wiki, mpaka mock ikapita, Caroline akapata hamsini na mbili kwa mia, na mpaka mtihani wenyewe ukaisha. Muda huo wote alipoulizwa jambo la shule alisema hajui, na mara ya kwanza Florence aliposikia hivyo alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Matokeo yalikuja mwaka uliofuata. Caroline alienda shuleni asubuhi, akarudi saa sita, akawakuta wawili mbele ya karai, mama yake akikaanga na Maundu akikata karatasi za kufungia. Maundu aliuona uso wake, lakini ulikuwa uso wa Kimaasai, hauandikwi kitu mpaka mwenyewe atake.

"Hesabu?" Florence aliuliza.

"C."

"Ya juu ama ya chini?" Maundu akauliza.

"C tu. Ya katikati."

"Barua inasema nini kuhusu ya katikati?"

"Inasema isiwe chini ya C. Haiko chini."

Florence aliweka chini kijiko chake kirefu. Aliingia ndani, wakamsikia akifungua Biblia, na alikaa huko muda mrefu kuliko mtu anayesoma barua fupi.

Caroline alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua andazi.

"Swali la grafu nililipata lote," alisema. "Hata rifleksheni waliuliza. Lakini nilipoteza dakika kumi, ndiyo maana sikumaliza ile ya mwisho. Ningepata C plus."

"Dakika kumi zilienda wapi?"

"Nachora mara mbili. Kwanza ile yako, halafu naipindua kichwani inakuwa ya watu. Nimejaribu kuacha nikashindwa. Iko kichwani kama wimbo mbaya."

Maundu alikata karatasi nyingine, akaipanga juu ya zingine, kingo kwa kingo.

"Kumbe bado unaanza na yangu," alisema.

Aliichukua kama sifa. Caroline hakuwa ameitoa kama sifa, na alifungua mdomo kumwambia hivyo. Halafu akaujaza andazi, akamwachia.